Lastiki ya Suruali ya Papa

Vita vilipokaribia Goma, nyumba yetu ya Majengo ilijaa wakimbizi, kisha umeme ukakatika. Jioni moja, mwanamke mmoja kati yao akashikwa na uchungu. Mama yangu alikuwa mkunga. Alihitaji mikono yote miwili, basi akampa papa tochi ndogo amumulikie. Lakini papa aliona haya. Aligeuza uso ukutani, na tochi nayo ikageuka.

"Papa, huo ukuta hauzai," mama alimwambia. "Nipe lastiki ya suruali yako."

"Lakini nimeivaa."

"Chomoa lastiki tu. Suruali bakia nayo."

Mama aliifunga tochi kwenye paji la uso kwa lastiki ile, akaendelea na kazi. Mutoto wa kike akazaliwa salama.

Papa alikuja saloni kutangaza habari, mkono mmoja umeshika kiuno. Bibi mmoja akaleta mutoto, akamkabidhi. Papa alimpokea kwa mikono miwili, kama inavyofaa, na suruali ikashuka mpaka miguuni. Wakimbizi, ambao hatukuwa tumewaona wakicheka tangu wafike, walicheka mpaka wakakaa chini. Papa alibaki amesimama, mutoto kifuani, asiweze kuinama.