Aliyempima Jirani Urefu

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kibamba, nikaambiwa yule mzee wa maabara amefariki usingizini baada ya kuugua moyo kwa muda mrefu. Wasomaji hamumjui, hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alitumikia maabara ya hospitali hadi akastaafu, lakini ukipiga chafya msikitini, swala ikiisha alikufuata kukueleza kilichokutoka puani.

Mie namkumbuka kwa siku ya mbwa. Jirani yetu, fundi seremala, aling'atwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe, akapaka mafuta ya taa na kuendelea kupiga randa. Mzee alipopata habari akaja na futi kamba, akapiga magoti mbele ya wateja, akaanza kupima kutoka kwenye jeraha kwenda juu.

"Shikamoo mzee. Unanishonea suruali?"

"Marahaba. Napima safari ya kirusi cha kichaa cha mbwa. Peke yake hata kuzaliana hakiwezi. Kinaingia kwenye mshipa wa fahamu, kinapanda taratibu hadi kwenye ubongo, kinazifanya seli zako ziwe kiwanda chake, kisha kinashuka kwenye mate. Dalili zikianza, daktari hana la kufanya. Chanjo lazima iwahi. Na wewe, mwanangu, ni mfupi."

Hilo lilimuuma fundi kuliko meno ya mbwa. "Mie mfupi?" Akapanda juu ya benchi. Mzee akapima upya, kisha akatangaza kuwa benchi halihesabiki. Wateja wakagawanyika; mmoja akadai fundi apimwe na viatu. Ikawa kelele tupu, mpaka mke wa fundi alipotoka na sabuni na ndoo, akaliosha jeraha kwa maji mengi, akasimamisha bodaboda. "Mtabishana akirudi," alisema.

Fundi alichomwa chanjo siku ileile, na zilizobaki akazimaliza. Wiki chache baadaye mbuzi aliyeng'atwa na mbwa yuleyule akaanza kutokwa mapovu, akaitafuna nguzo ya zizi hadi akafa. Fundi alikwenda kumtazama, akarudi akafunga karakana kutwa nzima.

Nilimuuliza mzee kwa nini hakumweleza kwa upole. "Niliowaeleza kwa upole," alinijibu, "wengine nimewazika."

Tumezoea kungoja maumivu ndipo twende hospitali. Kirusi kile kikiwa njiani hakikuumi wala hakikunyimi usingizi. Mbwa akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha nenda ukiwa bado mzima, ukiwa bado unaona aibu kwenda.