Mufupa wa Urbain Ulikataa Kusema

Mudogo wangu Urbain alivunja mawe ya chokaa kule Kabimba mpaka mikono yake ikawa migumu kuliko mawe yenyewe. Siku moja alinyanyua nyundo tu, jiwe likapasuka kwa woga. Munacheka? Ulizeni Kabimba. Muntu huyo hakulala muchana hata siku moja. Uzee ulipofika akaja kulima mihogo hapa Kalemie, na jua lilitua likimuacha angali amesimama.

Mwaka huu akaanza kulala muchana. Njo hapo tuliogopa.

Hopitali walikuta damu imepunguka vibaya. Wakamuongezea ya watu wengine, ikapunguka tena. Dokta Laure akasema damu inapikwa ndani ya mufupa, afazali achungulie lile jiko. Akamulalisha ubavu, akamuchoma nyonga kwa sindano ndefu kama kasia. Haya, kama kidole changu. Akatoa damu nzito na kipande cha mufupa, vikapanda ndege mpaka Lubumbashi.

Jibu liliporudi, dokta aliniita ndani ya biro yake peke yangu, maana mimi njo mukubwa wa jamaa. Kwetu habari mbaya inapitia kwa mukubwa, mugonjwa haambiwi usoni. Na jamaa wote pale baraza ya hopitali waliniona naitwa.

"Mama Agathe, jibu halikueleweka," dokta akasema. "Kipande kilikuwa kidogo, tena kimejaa damu tupu. Chembe chache walizoona zina sura isiyo ya kawaida. Inaweza kuwa ugonjwa mubaya wa mufupa. Inaweza kuwa mwili umekosa vitamini tu. Mufupa haukusema ndiyo, haukusema hapana. Nataka kumuchoma tena, upande wa pili."

Nikatoka, nikawaambia jamaa hayo hayo. Nani angeniamini, mimi niliyewaambia kwamba kiboko aliniomba nimubebe kwa mutumbwi mpaka Moba?

"Tantine," akasema Mwamba, mutoto wa kaka yetu, "leo umekosa hata uongo muzuri."

Akaenda kuleta mukeka. Wanawake wakaketi chini, vichwa wameinamisha, kama matanga yameanza. Urbain aliwaona kwa dirisha. Akageuzia uso ukutani.

"Yaya, mukubwa wangu, nirudishe nyumbani. Sitaki tena sindano. Nife kwenye kitanda changu."

Nilimuangalia mugongo, umebaki mifupa tu. Bila damu ya hopitali hangemaliza juma. Na pengine ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutibika! Nikaenda kumushika dokta mukono.

"Njoo umuambie yeye mwenyewe. Yote."

"Mama, jamaa watakasirika."

"Watanikasirikia mimi. Wamezoea."

Mwamba akasimama mulangoni, mikono ameitandaza. "Muntu haambiwi kifo chake usoni!"

"Kifo gani? Nipishe, wewe na mukeka wako!"

Dokta akaketi kando ya kitanda, akamueleza Urbain kila neno, hata lile la ugonjwa mubaya. Urbain akaangalia dawa ikidondoka ndani ya mupira wa mukono wake.

"Ukinichoma tena, utajua?"

"Labda, Papa. Siwezi kukuahidi. Mara hii nitatafuta kipande kikubwa zaidi."

Urbain akanigeukia mimi.

"Yaya, nitapona?"

Nilikuwa na uongo muzuri sana, wa babu yetu aliyeamka kaburini akaomba chumvi. Ulinifika mpaka kwenye meno. Nikaumeza.

"Sijui, Urbain."

Akanitazama kama muntu anayeniona mara ya kwanza. Kisha akavuta shuka, akajigeuza pole pole, akamupa dokta nyonga ya kushoto.

"Fanya haraka," akasema, "kabla yaya hajaanza hadithi."

Kipande cha pili kiko Lubumbashi. Jibu bado. Mwamba ameukunja mukeka, lakini hakuurudisha nyumbani. Ameuegemeza nyuma ya mulango wa baraza. Kila nikipita, naupiga teke.