Tone Lililokataa Kuzama

Ruhusa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeshatoka, maduka ya mtaa wa Mukendo yamejaa sabuni na mashuka. Damu tu ndiyo ilikuwa haijaanza kuletwa na wafanyabiashara. Dada yangu alikuwa amelazwa hospitali ya Musoma. Alijifungua, akatokwa na damu nyingi, viganja vikabaki vyeupe.

Kundi langu la damu halikumfaa. La mumewe, shemeji yangu wa Mugeta, lilimfaa. Mtu wa maabara akamtoboa kidole, akadondosha tone kwenye glasi ya maji ya bluu, maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba. Damu nzito huzama. Nyepesi huelea, na mwenye damu nyepesi hatolewi.

Tone la shemeji likaelea.

"Maji yako ndiyo mazito, daktari," nikasema. Nimeuza dagaa miaka mingi. Najua mizani inavyofundishwaga uongo. "Uliyapimaje?"

"Kipimio kilivunjika. Nayapimaga kwa uzito."

"Basi pima nione."

Hakukasirika. Akajaza kichupa maji yaliyochemshwa, akakiweka kwenye mizani: maji gramu mia. Akamwaga, akakausha, akajaza mrututu: mia na tano na ushei kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Nikamwambia arudie. Akarudia, ikatoka ile ile. Nikatoa kidole changu mwenyewe. Tone langu likaenda chini moja kwa moja.

"Yako safi," akasema. "Ila haimfai."

"Basi mtoe shemeji nusu chupa. Haya, robo."

"Bwana mkubwa, hapa siyo sokoni. Nikimtoa huyu nitakuwa na wagonjwa wawili." Akamgeukia shemeji. "Unakulaga nini?"

"Ugali wa muhogo."

"Na nini?"

Shemeji akafikiri kwa heshima. "Na mchicha, ukiwepo."

"Si una ng'ombe wewe!" nikamfokea.

"Wale ni wa mahari ya vijana, shemeji. Nitoe tu, daktari. Nimelima msimu mzima, sijaanguka."

Daktari akaosha glasi, akaipanga kwenye kabati.

Wodini dada alikuwa macho. Ananijua tangu utotoni, hajawahi kuniona nikinunua kitu kwa bei ya kwanza.

"Mmepatana?" akauliza.

"Bado anakaza."

"Mwongeze kidogo, kaka."

Nikasema naenda kumwongeza. Sikuinuka. Nilimshika mkono mpaka nesi alipokuja kuufunika kwa shuka, pamoja na uso.