Mwanamke Aliyekataa Kuwa Mama Mdogo

Malkia wetu alipoolewa, mizinga ilipigwa mji mkuu, na kila mwaka siku hiyo bado tunaamriwa kupiga kengele. Kreszenz Wagegg, aliyekamua ng'ombe wa watu maisha yake yote, hakupigiwa hata kengele moja.

Yeye na Leonhard, kibarua wa shamba lilelile, waliomba ruhusa ya kuoana miaka saba mfululizo. Kwetu, asiye na nyumba wala shamba haoi mpaka baraza la kijiji likubali. "Maskini wakizaana, nani atawalisha?" waliuliza wajumbe, midomo yao ikimetameta mafuta ya nguruwe. Mapenzi hayakungoja baraza. Afra akazaliwa, na kasisi akamwita mama yake mzinzi mbele ya kanisa zima.

Kisha ikaja amri. Mrithi wa ufalme alikuwa anamwoa binti mfalme wa kaskazini, na kila wilaya ilitakiwa kupeleka bwana na bibi harusi waliovaa mavazi ya kwao, wafungishwe ndoa siku hiyohiyo na kuandamana mbele ya maharusi wakubwa. Ruhusa ingetoka kwa mfalme mwenyewe.

Baraza likamchagua nani? Kreszenz! Alikuwa mrefu, shingo imesimama. Hakuna aliyeweza kulibeba kama yeye taji la maharusi wa kwetu, lile refu la nyuzi za dhahabu. Tatizo moja tu: taji hilo halivaliwi na mwanamke aliyekwisha kuzaa.

Mwenyekiti Hörmann akamfuata zizini.

"Binti yangu, bahati imekuangukia. Huyo mtoto mpeleke kwa dada yako. Ukiulizwa, sema ni wake."

"Mpaka lini, Mwenyekiti?"

"Mpaka lini tena? Ukishavaa taji mbele ya binti mfalme, utarudi hapa useme umezaa? Ni wa dada yako, basi."

"Jumapili ile kanisani dhambi yangu ilionekana mpaka ng'ambo ya mlima. Leo mmepatwa na upofu?"

"Usinichezee! Hii ni heshima ya kijiji."

Leonhard aliegemea uma wake wa samadi. "Kubali, mama Afra. Ukweli tutaujua wenyewe."

"Na yeye je? Aniite mama mdogo? Wewe atakuita nani, jirani?"

Leonhard akarudi kuzoa samadi.

"Nitakwenda na kitambaa kichwani, kama wenzangu waliozaa," Kreszenz akamwambia Mwenyekiti. "Binti mfalme naye atazaa. Hatazimia."

Wakampeleka binti wa mwenye kinu.

Binti mfalme akawa malkia, akazaa watoto wanane. Kila mara mizinga, kila mara gwaride, na magazeti yakamwita mama wa taifa. Kreszenz alizaa wengine wawili kwa baba yuleyule, nao walibatizwa asubuhi mapema, bila kengele, kama vitu vya wizi. Hayo ndiyo maadili tunayohubiriwa! Tumbo moja ni baraka ya nchi, jingine ni mzigo wa kijiji.

Leonhard aliangukiwa na mti akikata kuni za baraza. Kwa kuwa hakuwa na mke, walisema, binamu yake ndiye angefuata jeneza wa kwanza, mahali pa mjane. Kreszenz akaja na nguo nyeusi, wanawe watatu wameshikana mikono, akasimama nyuma ya jeneza.

"Mahali pako ni kule, pamoja na watumishi," alisema Hörmann.

"Njoo unitoe."

Hörmann akamtazama kasisi, kasisi akatazama kitabu chake. Binamu akavua kofia, akarudi nyuma. Wabebaji wakainua jeneza, na Kreszenz akalifuata na wanawe.