Akina Kisioki Sita Kwenye Mizani ya Xaveria

Jumanne, saa tatu asubuhi, Xaveria anamning'iniza mtoto kwenye mizani ya kliniki, pembezoni mwa kata ya Maisaka. Mtoto anarusha miguu kwa hasira. Xaveria anasoma kilo, anaandika, anachukua kadi nyingine na kuita: "Kisioki!"

Akina mama wawili wanasimama.

Leo anacheka. Machi mwaka huu hakucheka.

Xaveria, mwenye miaka 34, ni mhudumu wa afya wa kujitolea kwa mwaka wa saba. Siku moja hupima watoto hadi sitini. Kisioki ni jina la wafugaji wa Simanjiro. Kwa wakulima wa hapa, wenye asili ya Mbulu, wanaobatiza akina Egidius na Marcelino, ni geni kabisa. Kwa Xaveria si geni hata kidogo. Ndilo jina la mumewe, dereva wa bajaji.

"Wa kwanza nikasema imetokea tu. Wa tatu nikakosa usingizi," anasimulia. "Walipofika sita ndani ya miezi kumi na moja, wote wa kijiji cha Mutuka, nikajua nimeolewa na mtu gani."

Majirani nao walimsaidia kuwaza. Walinong'ona kwamba bajaji ile ina abiria wake maalumu, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Xaveria alikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto. Katika mji ambako kila mwanamke ni Mama Fulani, yeye bado aliitwa dada. Aliiona ndoa yake ikichungulia kaburi.

Ndipo akaja Jovita, mkulima wa mahindi wa Mutuka, mama wa Kisioki wa sita. Xaveria aliliita jina la mtoto harakaharaka, kwa makusudi, ili amjaribu. Jovita akamsahihisha kwa upole, akilivuta katikati na kulishusha mwishoni, sawasawa na jinsi mama mkwe wa Xaveria anavyomwita mwanawe. Xaveria mwenyewe lilimchukua mwaka mzima kulitamka hivyo. Huyu alifundishwa na nani, na wapi?

Isitoshe, kulikuwa na suala la shuka. Mumewe, ambaye hajawahi kufua hata soksi, alikuwa akirudi jioni na shuka lake jekundu la kujitanda limelowa na linanukia sabuni. Mwanaume anayejifulia ana la kuficha, Xaveria alijiambia.

Basi akaisoma kadi ya Jovita kama askari mpelelezi. Baba: Marcelino. Masikini, amebambikiwa, aliwaza. Mahali pa kuzaliwa: njiani. Akafungua daftari la kliniki, akawatafuta wale watano wengine. Wote walizaliwa njiani.

Akalisoma neno hilo mara ya pili. Katika ukoo wake mwenyewe, mtoto hupewa jina la mtu aliyemsaidia mama yake siku ya kujifungua. Kaka yake, Sosthenes, amebeba jina la mwalimu aliyemkimbiza mama yao zahanati kwa baiskeli. Alilijua hilo tangu utotoni, ila wivu ulikuwa umemfunga macho.

Jovita alimsimulia yaliyobaki: mvua, tope, bodaboda waliokataa, na dereva mmoja aliyelivua shuka lake likawa pazia, kisha likamfunika mtoto. Familia ilimwomba alitaje jina lake mara tatu, wasije wakalikosea.

Nyumbani, Xaveria alimuuliza mumewe kwa nini hakumwambia. "Ningekuletea kila mara habari za watoto wa watu," alisema, "wewe ungelala?"

Xaveria anakiri kwamba alilia mpaka ugali ukapoa.

Kliniki iliyofuata, Jovita alikuwa ameshajua dada wa mizani ni mke wa nani. Alimkabidhi mtoto kwa utani: "Haya, mpime mumeo."

Sasa chini ya kiti cha bajaji kuna mfuko alioufunga Xaveria: glovu, khanga mbili safi na shuka la akiba. Msimu ujao wa mvua anakusudia kupanda nyuma mwenyewe kila mumewe anapoitwa kumbeba mjamzito. "Wa kike wa kwanza aitwe Xaveria," anasema. "Tuone nani atanitilia shaka mimi."

Kwenye mizani, anapokea kadi ya Kisioki wa pili kati ya wale wawili wa leo. Kabla hajanyoosha mikono, anatupa jicho pale palipoandikwa mahali pa kuzaliwa.

Njiani.

"Mlete mume wangu," anasema.