Mlango Unaofungwa kwa Ndani

Kwa miaka tisa nililaza mabomba ya maji ya manispaa ya Nakuru, nikapeleka maji kwenye bafu za watu ambao sikuwahi kuwaona wakioga. Mimi mwenyewe niliishi landhini, katika zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa manispaa, chumba kimoja na mke na watoto wawili, bomba moja kwa safu nzima. Kwa hiyo tuliposomewa kwamba manispaa itawasaidia wafanyakazi wake wa siku nyingi kununua nyumba, kila mwezi ikikata kidogo kwenye mshahara mpaka nyumba iwe yako, nilicheka. Nyapara wetu naye alicheka. Nikajiandikisha hivyo hivyo, kwa ubishi tu.

Sikujiandikisha kwa sababu yangu, nisiwadanganye. Mama yangu alikuwa akichuma pareto katika shamba la mzungu huko Molo, na tangu nioe hakuwa amelala kwangu hata usiku mmoja. Angelala wapi? Mama halali chumba kimoja na mwanawe na mkamwana wake, hata kama dunia imeisha. Tena mgeni landhini alitakiwa awe na kibali. Alikuwa akija Jumamosi kwa treni ya asubuhi, na Jumamosi ndiyo siku ya bwana afya, mkaguzi wa usafi wa manispaa. Tulitoa vitanda nje, tukavimwagia mafuta ya taa kuua kunguni, tukasimama mlangoni kama watoto wa shule, naye bwana afya akapita na askari wake akihesabu vichwa. Kwa hiyo mama alisubiri stesheni mpaka wapite. Ndipo aje, ale, anipe viazi vyangu, arudi na treni ya jioni. Niliona haya kila mara, na kila mara nilimwambia asubiri.

Basi jina langu likatoka. Tulipewa ufunguo siku ya Jumatano. Vyumba viwili, jiko, dirisha la kioo, na bomba uani, bomba ambalo nilikuwa nimelilaza kwa mikono yangu bila kujua ninamlazia nani. Nilifungua maji nikayaangalia yakimwagika mpaka mke wangu akaniuliza kama nimerogwa. Wanasema nyumba njema si mlango, lakini mimi mlango ndio ulionimaliza. Ulikuwa na komeo ndani. Kule landhini askari alisukuma tu akaingia. Nililivuta lile komeo, nikalirudisha, nikalivuta tena.

Nikamtumia mama habari kwa dereva wa lori la viazi: nyumba mpya iko wapi, aje Jumamosi, aje na shuka, atalala.

Akaja. Alibisha hodi asubuhi na mapema, gunia mgongoni, shuka kichwani, vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani limempaka miguu. Na mimi, mwenye nyumba, alinikuta nafanya nini? Nimeshatoa kitanda nje. Nina kopo la mafuta ya taa mkononi. Mazoea yana taabu. Nikamwambia mama, kwa mdomo wangu huu:

"Mama, ngoja kwanza huko stesheni. Bwana afya hajapita."

Aliweka gunia chini, akageuka na shuka yake, akaenda.

Mke wangu alitoka jikoni. "Unatoa kitanda ya nini?"

"Leo ni Jumamosi."

"Nani anakuja?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nikatazama barabara. Ilikuwa tupu, na majirani walikuwa ndani mwao, milango imefungwa, moshi unatoka kila jikoni. Hakuna aliyesimama nje ila mimi. Kopo likanitoka mkononi.

Nilikimbia hadi stesheni na viatu bila kamba. Mama alikuwa ameketi palepale pa siku zote, shuka mapajani.

"Wamemaliza?" akauliza.

"Hawaji, mama. Hawaji tena."

"Nani amewakataza?"

Nilimshika mkono, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu utotoni, tukarudi. Nilirudisha kitanda katika kile chumba cha pili, nikakitandika kwa shuka yake, kisha nikamwonyesha komeo la mlango wa nje.

"Nikivuta hili, askari haingii?"

"Haingii."

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

Aliligusa kwa kidole kana kwamba lina moto. Akatuambia tutoke nje kidogo, sote, na watoto. Tukatoka. Tukasikia komeo likigonga. Tukasubiri alifungue acheke, maana tulidhani analijaribu. Halikufunguka. Nikachungulia dirishani: mama alikuwa amejilaza, viatu vyake viwili vimepangwa chini ya kitanda, amelala usingizi mchana kweupe.

Mke wangu alitaka nibishe, ugali ulikuwa unaungua. Nilikataa. Niliketi uani juu ya ndoo, kando ya bomba langu, jua likanichoma utosi, nikamlindia mama usingizi mpaka alipofungua mwenyewe.