Mikeka ya Bi Zuhura

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika wote niliobatizwa nao hapa Bagamoyo, na sala za jumuiya nazijua kumshinda katekista.

Lakini leo nimeumbuka.

Jumuiya ilisali kwangu asubuhi. Tulikuwa na unga na sukari ya kumpelekea mgonjwa wetu, kumbe mwanawe keshamchukua kwenda Lugoba.

Mama Teodora akasema, "Basi tumpe Bi Zuhura, jirani yako. Mguu umemvimba, hatoki ndani."

Nikawaka. "Huyo ana wenzake wa msikitini! Hiki ni cha Wakatoliki!"

Na nilikuwa nimetoka kuwahubiria hapo hapo kwamba sisi ndio kanisa hai. Haya.

Mama Teodora akaniangalia. "Baba, hii mikeka tuliyokalia ya nani?"

Jamani. Ya Bi Zuhura. Alfajiri nilipokwenda kuiazima alinipitishia dirishani kwake, wala sikumuuliza kwa nini hafungui mlango.

Wakainuka wote na unga wao. Hata kunisubiri hawakunisubiri. Nikanuna kidogo, kisha nikawafuata nyuma.

Bi Zuhura yuko kitandani, kuniona tu akasema, "Karibu kaka Damiani. Wageni wako walienea kwenye mikeka?"

Neno moja tu lilinitoka: "Walienea." Mimi, mwenye maneno!

Bado sijamwambia nilichosema juu yake. Nimwambie, au nimwache apone kwanza? Nishaurini.

Na msidhani natia chumvi. Mama Teodora yupo, muulizeni. Yeye hatanionea huruma.